Hamamu bila moto: usomaji wa jengo la Hamamni, Unguja

1. Suala lenyewe

Katika masomo ya fasihi ya Kiswahili, matini huhesabiwa kuwa kitu kilichoandikwa, kilichoimbwa au kilichosimuliwa. Majengo huachiwa wanahistoria na wahandisi. Hata hivyo yako majengo ambayo hayasomeki vizuri bila msaada wa lugha, kwa sababu jina lake, hadithi inayosimuliwa ndani yake na mpangilio wa vyumba vyake ni maelezo matatu ya jambo moja, na maelezo hayo hayakubaliani. Mojawapo ni bafu la kale lililoko Mji Mkongwe wa Unguja, ambalo Waswahili huliita Hamamni, na ambalo vitabu vya kuongozea watalii huliita bafu la Kiajemi.

Jengo hilo lilijengwa wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Mjenzi mkuu anayetajwa ni Haji Gulamhussein. Lilikuwa bafu la umma, nalo lilitumika hadi mwaka 1920. Baadaye lilifungwa, likachakaa, kisha likakarabatiwa kwa sehemu na kuwa mahali pa kuzuru. Leo mgeni hulipa kiingilio, hufunguliwa mlango, hupita chumba baada ya chumba, hutazama mabirika makavu, kisha hutoka. Haogi. Hatoki jasho. Hakuna tone la maji wala harufu ya moshi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukarabati wa Hamamni umerudisha kuta lakini umeuacha moto nje, na kwamba pengo hilo si dogo. Moto ndio sehemu ya hamamu iliyodai mikono ya watu kila siku. Hadithi isiyoutaja moto haiwezi kuwataja waliouchochea. Kwa msomaji wa Kongo suala hili lina uzito wa pekee, kama itakavyoonekana mbele.

2. Neno na mzizi wake

Uchunguzi unapaswa kuanzia kwenye neno. Kiswahili kimepokea neno hamamu kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti h-m-m, ambao maana yake ya msingi ni kupasha joto. Hivyo hamamu, kwa asili ya neno lenyewe, si mahali pa maji tu. Ni mahali pa joto. Bafu la maji baridi laweza kuitwa bafu, josho, birika au kiogeo, lakini haliwezi kuitwa hamamu pasipo kulipuuza neno.

Kutoka mzizi huohuo wa Kiarabu Kiswahili kimepata neno jingine, homa. Hamamu na homa ni maneno ya ukoo mmoja: la kwanza ni joto ambalo mtu hulitafuta kwa hiari yake na kulilipia, la pili ni joto linalomvamia mtu bila kuombwa. Msemaji wa kawaida hahisi undugu huo, nao haumo katika matumizi ya kila siku. Lakini mwanafunzi wa lugha anapouona hupata ufunguo wa kulisoma jengo.

Kiambishi -ni katika Hamamni nacho kina maana. Ni kiambishi cha mahali, kile cha nyumbani, sokoni na mtoni. Hamamni ni mahali penye hamamu. Jina hilo halikubaki kwa jengo peke yake, bali lilienea hadi mtaa mzima unaolizunguka. Leo mtu aweza kukaa Hamamni, kununua mkate Hamamni na kusoma Hamamni asiwaze hata mara moja juu ya kuoga. Lugha imehifadhi kazi ambayo jengo limeiacha tangu mwaka 1920. Kwa maneno mengine, shahidi mwaminifu zaidi wa moto uliozimika ni jina la mtaa.

3. Jengo kama matini

Hamamu ya mtindo huu husomwa kwa utaratibu maalumu, kama utenzi unavyosomwa kuanzia dua ya ufunguzi. Mtu huingia kwanza katika ukumbi wa mapokezi, ambapo huketi, huvua nguo na kuacha shughuli za mjini. Kisha hupita katika ujia na kufikia vyumba vyenye joto linaloongezeka kidogo kidogo, hadi chumba cha joto kali, ambapo mvuke hufungua ngozi. Baadaye hurudi kwenye maji ya baridi, hupumzika, hunyolewa akitaka, hatimaye huvaa na kutoka. Katika jengo la Hamamni hatua hizo zote bado zaonekana: ukumbi na chemchemi yake ya mapambo, vyumba vya kuogea, mabirika, mahali pa kunyolea, vyoo, na makuba yenye matundu ya kupitisha nuru.

Mpangilio huo una mantiki ya masimulizi. Una mwanzo, una kupanda, una kilele, una kushuka. Lakini kinachopandisha na kushusha masimulizi hayo ni joto. Palipo na joto, mtu hujua chumba cha pili ni tofauti na cha kwanza kwa ngozi yake kabla hajajua kwa macho. Pasipo joto, vyumba vyote huwa sawasawa: kuta za chokaa, sakafu baridi, mwangwi wa nyayo. Mgeni wa leo hupita kilele bila kujua kwamba amekipita. Maelezo ya mdomo au ya kibao humwambia kwamba chumba fulani kilikuwa cha moto, naye huitikia kwa adabu, lakini matini imekwisha kuvunjika.

Joto hilo lilitoka chini. Mbinu ya kupitisha hewa ya moto katika njia zilizo chini ya sakafu ni ya kale sana. Warumi waliitumia, majengo ya Waislamu wa Sham, Uturuki na Uajemi yakairithi, na kwa njia ya mafundi wa Kiajemi ikafika Unguja. Nje ya macho ya waogaji palikuwa na tanuri. Tanuri ilihitaji kuni. Kuni zilihitaji kukatwa, kubebwa, kupasuliwa na kutiwa motoni tangu kabla ya mteja wa kwanza hadi baada ya mteja wa mwisho. Yaani jengo lilikuwa na milango ya aina mbili, ule wa waliokuja kutoka jasho kwa starehe, na ule wa waliotoka jasho ili starehe hiyo ipatikane. Mgeni wa leo huingizwa kwa mlango wa kwanza tu.

Sifa ya “Kiajemi” inayobandikwa kwenye jengo inasaidia kulificha jambo hili. Si sifa ya uongo, kwani mtindo umetoka Uajemi kweli. Lakini inalipa jengo asili ya mbali na kuiacha kando asili ya karibu. Mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa ni vitu vya Unguja. Maji yenyewe yalikuwa matunda ya mradi wa Barghash wa kuyaleta mjini kwa mfereji kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji. Kulitaja jengo kwa mtindo wake pekee ni sawa na kuueleza utenzi kwa vina na mizani bila kusema unasimulia nini.

4. Bafu katika kumbukumbu za Sayyida Salme

Yako maandishi yanayoweza kuwekwa kando ya jengo ili kulisaidia kusema. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Barghash aliyejenga Hamamni alikuwa kaka yake kwa baba.

Katika kumbukumbu hizo mabafu ya Mtoni yana nafasi kubwa. Mwandishi anayaeleza kuwa sehemu yenye uhai kuliko zote katika kasri: watu walishinda humo saa nyingi, wakioga, wakisali, wakilala, wakisoma, wakila. Anaeleza pia kwamba palikuwa na bafu la mvuke la namna ya Kiajemi, tofauti na mabirika ya kawaida. Na hafichi kwamba hata majini watu walipangwa kwa daraja: wa nasaba kubwa hawakuoga pamoja na wa chini.

Ushahidi huu ni wa thamani, maana hakuna maandishi mengine ya wakati huo yanayoingia ndani ya mabafu ya kasri kwa macho ya mtu aliyekulia humo. Lakini mhakiki lazima aulize ni nani anayeona na anaona kutoka wapi. Sayyida Salme anaandika kama mtoto wa nyumba, na maji katika simulizi yake yapo tayari. Yanatiririka, ni safi, ni mengi. Katika kitabu hichohicho ameweka sura kuhusu utumwa, ambamo anawajibu Wazungu kwa kudai kwamba utumwa wa nchi za Mashariki haufanani na ule wa Marekani. Mtetezi wa aina hiyo si rahisi kumsimamisha msomaji mbele ya tanuri. Hivyo daraja za waogaji zinaelezwa waziwazi, lakini daraja iliyokuwa chini ya zote, ile isiyooga bali inayoogesha, inabaki pembezoni mwa ukurasa.

Kumbukumbu hizo zinasaidia pia kulisoma bafu jingine, lile la Kidichi, ambalo Sultani Seyyid Said alilijenga mwaka 1850 katika nchi ya juu iliyo ndani ya kisiwa, kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Kuta za Kidichi zina nakshi za chokaa zenye maua, mimea na ndege, jambo lisilo la kawaida katika nyumba za watawala wa madhehebu ya Ibadhi, waliopenda kuta zisizo na picha za viumbe. Sayyida Salme anamwonyesha binti huyo wa Kiajemi kama mwanamke mwenye fahari, mpenda kupanda farasi na kuwinda, aliyeachwa na kurudi kwao. Hadithi hiyo ndiyo ambayo wageni husimuliwa wakifika Kidichi, na ni hadithi nzuri. Lakini inaendeleza desturi ileile: bafu ni la fulani, limejengwa na fulani kwa mapenzi ya fulani. Kwa hesabu hiyo Hamamni ni hatua muhimu, kwa sababu ni bafu lililotoka katika kasri na kuwekwa mjini kwa umma. Hadithi yake ingepaswa kuwa pana zaidi. Kwa kweli imekuwa fupi zaidi.

5. Joto la ardhi na joto la kuni

Ulinganisho na mahali pengine utalifanya suala liwe wazi zaidi. Katika mji wa Bath, Uingereza, maji ya moto hububujika yenyewe kutoka ardhini, yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, kwa kiasi cha zaidi ya lita milioni moja kwa siku. Warumi walijenga mabafu juu ya chemchemi hizo, na katika karne ya 18 mji ukajengwa upya kwa ajili ya waliokuja kuoga na kutafuta afya. Mwaka 1978 kuoga kulikomeshwa baada ya msichana mmoja kufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotokana na kidudu kilichokutwa majini. Miaka 28 ilipita. Mwaka 2006, baada ya ucheleweshaji mrefu na gharama zilizozidi sana makadirio ya awali, majengo ya karne ya 18 yaliyokarabatiwa yakaunganishwa na jengo jipya, watu wakarudi majini.

Katika mji huohuo, bafu kubwa la Warumi limebaki makumbusho. Watu hulitazama, hawaingii majini. Mji mmoja basi unaonyesha namna zote mbili za kukarabati: ile inayorudisha jengo pamoja na kazi yake, na ile inayorudisha jengo peke yake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hata lile la makumbusho linaonyesha joto lilivyofanywa. Vipo vyumba vya Warumi ambavyo sakafu yake imeondoka na vinguzo vilivyoishikilia vinaonekana, hata mgeni hutambua njia ya hewa ya moto. Sehemu ya joto la Bath ilitolewa na ardhi bure, na sehemu nyingine ilitolewa na tanuri na mikono ya watu, nayo sehemu hii ya pili haikufunikwa.

Unguja haina chemchemi ya aina hiyo. Joto la Hamamni lote lilikuwa joto la kuni. Hii ndiyo tofauti inayopaswa kuongoza hukumu juu ya ukarabati wake. Palipo na joto la ardhi, maji yakirudi, jengo limerudi. Palipo na joto la kuni, hata kama maji yangerudi, lingebaki swali la nani anayekoka moto, kwa ujira gani na kwa hiari ya nani. Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hadhi ya utumwa katika sheria iliondolewa mwaka 1897. Hamamni ilitumika kabla na baada ya mwaka huo, mpaka 1920. Kwa hiyo historia ya tanuri yake inakwenda sambamba na historia ya kazi yenyewe kisiwani, kutoka kazi ya mtumwa hadi kazi ya mshahara. Hakuna chumba katika jengo hilo ambacho kingefaa zaidi kuwafundisha wanafunzi kuliko hicho kisichoonyeshwa.

6. Njia ya kutoka Maniema

Fedha za utawala wa Barghash zilitokana kwa sehemu kubwa na karafuu na biashara ya pwani, na pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za biashara hiyo. Wakati huohuo Hamamni ilipokuwa ikijengwa, misafara ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na ya wenziwe ilikuwa ikitoa pembe Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, na kuzipeleka pwani juu ya mabega ya watu. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani anapotazama Hamamni hatazami jambo la ugenini. Anatazama upande wa pili wa safari iliyompa lugha yake.

Hapa undugu wa maneno mawili yaliyotajwa mwanzoni unapata maana ya kihistoria. Neno homa lilipanda bara pamoja na misafara, nalo latumika katika Kiswahili cha Kongo hadi leo. Neno hamamu halikupanda. Lilibaki pwani, mahali palipokuwa na mabafu yenyewe. Msamiati ulisafiri kwa kufuata mgawanyo wa maisha: joto la ugonjwa lilikuwa la njiani, la wapagazi na wafanyabiashara pia, na joto la starehe lilikuwa la mwisho wa njia, la waliofika na kukaa.

Kongo nayo ina joto la ardhi, tena ina jina lake la Kiswahili. Katika Hifadhi ya Virunga ziko chemchemi zinazoitwa Mai ya Moto, na huko Kiabukwa, Katanga, katika miaka ya 1950 maji ya moto ya ardhini yaliendesha mtambo mdogo wa umeme. Jina Mai ya Moto ni la Kiswahili cha nchi, halikukopwa kwa ajili ya jambo hilo. Latosha kuonyesha kwamba lugha haikukosa uwezo wa kulitaja joto la maji. Ilichokosa upande huu ni jengo, na pamoja na jengo, desturi ya kuliona joto kama bidhaa inayouzwa kwa saa.

7. Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba Hamamni iwashwe tena. Mvuke wa kila siku ni mzigo kwa chokaa ya zamani, na kuni za Unguja si nyingi. Majengo ya Barghash ni dhaifu kuliko yanavyoonekana: sehemu ya Beit al-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Mwenye kulitunza jengo kavu ana sababu zake nzuri.

Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana. Kwanza, matembezi ya mgeni yaanzie au yaishie penye chanzo cha joto, ili utaratibu wa vyumba upate maana yake, na njia za hewa chini ya sakafu zionyeshwe kwa mchoro panapokosekana mahali pa kuzionea. Pili, maelezo yawepo kwa Kiswahili sanifu, yakianza na jina Hamamni na maana yake, kabla ya sifa ya Kiajemi. Tatu, pamoja na jina la sultani na jina la mjenzi, itajwe kazi ya mkata kuni, mchota maji na mkoka moto, hata kama majina yao hayakuandikwa popote. Kutajwa kwa kazi pasipo jina ni bora kuliko kimya, maana humfanya mgeni aulize.

Kwa upande wa vyuo vikuu, somo hili laweza kuingizwa katika mafunzo ya msamiati na ya fasihi kwa pamoja. Kumbukumbu za Sayyida Salme zisomwe sambamba na mpangilio wa jengo, na maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili yasomwe kando yake. Mmoja aliona maji, mwingine aliona njia na pembe. Aliyekuwa mbele ya tanuri hakuandika, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha katika kurasa hizo zote mbili mahali ambapo angesimama.